Mashine haijafa, njia imekatika

Kijana wa karakana ya jirani alinijia asubuhi na randa ya umeme kwapani. Tuko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, ambako sauti ya randa asubuhi ni kama sauti ya jogoo: usipoisikia unajua kuna jambo.

"Shikamoo mjomba. Mashine imekufa."

"Marahaba. Imekufaje?"

"Jana jioni nimeiacha nzima. Leo nabonyeza, kimya. Fundi nimempigia simu, kasema koili imeungua, niandae hela ya kusuka upya."

Nikamuuliza swali moja: ilinuka? Akafikiri kidogo. Haikunuka. Haikutoa moshi, haikupiga cheche, breka ya ukutani haikuruka. Nikaichukua randa, nikaichomeka kwenye soketi yangu, nikabonyeza. Ikalia kama siku zote.

Nitarudi kwenye randa hiyo, maana kilichoisumbua kina somo kubwa. Kwanza nilitazame hilo neno "imekufa". Mjini kwetu mashine yoyote isiyowaka husemwa imekufa, na ikishasemwa imekufa, kinachofuata ni kusuka mota au kununua nyingine. Nimeziona mashine nzima zikiuzwa chuma chakavu kwa sababu ya kipande cha kaboni kisichofika ukubwa wa kidole gumba. Inaniuma, kwa kuwa kwa seremala anayeanza maisha randa au dreli ndiyo shamba lake. Akiipoteza, msimu mzima umepotea.

Ninachotaka kieleweke ni hiki: mashine iliyonyamaza kabisa, bila harufu na bila moshi, mara nyingi mota yake ni nzima. Mota inayoungua huaga. Hunuka, huchemka, hutoa moshi, hupiga cheche nyingi au hubadilisha mlio. Ukimya mtupu kwa kawaida una maana nyingine: umeme haujaifikia mota, au umeifikia ukakosa pa kutokea.

Maneno machache kabla hatujaenda mbali

Ninaposema mashine hapa nazungumzia zile za mkononi anazotumia fundi: dreli, grenda, randa, jigso, msumeno wa duara. Kwa ndani karibu zote ni ndugu wa tumbo moja. Umeme unaingia kwenye plagi, unapita kwenye waya, unafika kwenye swichi unayoibonyeza kwa kidole, unaingia kwenye mota. Mota ina sehemu mbili kubwa. Moja imetulia na kushikwa na bodi; hiyo ni stata. Nyingine inazunguka katikati yake. Hiyo ni rota, ambayo mafundi wengi huiita amecha. Zote mbili zimesukwa kwa nyaya za shaba, na nyaya hizo ndizo koili.

Sasa, umeme utaingiaje kwenye kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika bila waya kujisokota ukakatika? Hapo ndipo kaboni inapofanya kazi. Ni vijiti viwili vya makaa magumu, kimoja kila upande, vinavyosukumwa na springi vikaegemea shingo ya shaba iliyoko kwenye rota. Rota inazunguka, kaboni imetulia, na umeme unapita pale zinapogusana.

Volti ni nguvu inayousukuma umeme. Kwetu soketi hutoa takriban volti 230. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Wati ni volti ukizidisha kwa ampea, yaani kazi inayoweza kufanyika. Grenda ya wati 700 inavuta kama ampea 3. Kubwa ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Hayo yatatutosha.

Waja leo, waondoka leo

Kuna msemo wa Tanga ambao kila mgeni huusikia: waja leo, waondoka leo. Umeme ndivyo ulivyo. Watu wengi hudhani umeme ni kama maji ya bomba, unakuja na kuingia kwenye mashine ukamalizikia humo. Sivyo. Kila unaokuja lazima uondoke. Unakuja kwa waya wa moto, unapita kwenye mota, unaondoka kwa waya wa nyutro. Ukikosa njia ya kuondokea, hauji kabisa. Ndiyo maana plagi haiwezi kuwa na mguu mmoja.

Mji huu wetu wa baiskeli una mfano mzuri zaidi. Utazame mnyororo wa baiskeli. Unatoka kwenye pedeli, unakwenda kwenye gurudumu la nyuma, unarudi. Pete moja ikikatika, iwe ya juu au ya chini, iwe karibu na pedeli au karibu na gurudumu, matokeo ni yale yale: unakanyaga pedeli na baiskeli haiendi. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema gurudumu limekufa. Atainama autafute mnyororo ulipokatika. Dreli iliyonyamaza inataka kutendewa vivyo hivyo.

Mfano huo huo unatusaidia kutenganisha magonjwa matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ukimya: mnyororo umekatika, njia haijakamilika. La pili ni mashine kuunguruma bila kuzunguka: mnyororo ni mzima lakini breki zimeng'ang'ania, au anayekanyaga hana nguvu. La tatu ni kuangusha breka au kuunguza fyuzi mara tu unapobonyeza: umeme umepata njia ya mkato isiyopita kwenye kazi, ndiyo shoti. Ukijua mashine yako iko kundi gani, umeshapunguza utafutaji kwa kiasi kikubwa. Anayetibu ukimya kwa dawa ya shoti atasuka mota nzima bure.

Tuanzie ukutani

Mafundi wengi hukimbilia kufungua mashine. Mimi naanzia mbali kabisa na mashine, ukutani, kwa sababu huko kuna matatizo mengi na kuyatafuta hakugharimu kitu.

Kwanza, mashine ichomeke kwenye soketi nyingine unayoiamini, moja kwa moja bila ekstensheni. Ikiwaka, tatizo si lake. Isipowaka, chukua kitu kizito ukijaribu kwenye soketi hiyo hiyo. Nasema kizito kwa makusudi. Chaji ya simu inaweza kuwaka kwenye soketi iliyolegea au yenye kutu kwa kuwa inavuta umeme kidogo mno. Pasi haidanganyi, kwani inataka umeme mwingi, na kama soketi ni mbovu pasi itakuonyesha.

Hapo turudi kwenye ile randa. Baada ya kuwaka kwangu, niliongozana na kijana hadi karakana kwake. Alikuwa ameshapima kwa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani. "Umeme upo mjomba, angalia." Randa ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni, swichi yake imefungwa kwenye kuwaka, akaingiza testa kwenye tundu la pembeni, ikawaka. Akaingiza tundu la pili, ikawaka tena. Kwake huo ulikuwa ushahidi mara mbili kwamba umeme umejaa. Kwangu ulikuwa ushahidi wa ugonjwa. Testa ikiwaka matundu yote mawili, jambo la kwanza la kushuku ni nyutro iliyokatika mahali.

Sababu yake ni nyepesi ukikumbuka habari ya kuja na kuondoka. Testa huwaka kwa umeme mdogo sana unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Inakuambia umeme umefika hapo. Haikuambii kama unaweza kuondoka. Waya wa moto wa ekstensheni ile ulikuwa mzima. Nyutro ilikuwa imekatika ndani ya ganda, pale waya unapoingia kwenye plagi, mahali watu wanaposhika kuivuta. Umeme ukapita kwenye randa hadi upande wa pili, ukakuta njia imefungwa, ukasimama. Ndiyo maana na tundu la nyutro likawaka.

Na hapa pana hatari ambayo sitaki ipite kimya. Randa ile iliyonyamaza ilikuwa na umeme kamili ndani yake, hadi kwenye kaboni. Angeifungua ikiwa imechomekwa, kwa kuamini kwamba mashine isiyowaka haina umeme, ingempiga. Mashine kunyamaza haina maana kwamba haina moto. Kabla ya kugusa bisibisi yoyote, chomoa plagi. Usitosheke na kuzima swichi ya ukutani, maana zipo nyumba ambazo aliyefunga nyaya aliiweka swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Swichi inazimwa, lakini moto unabaki pale pale.

Tulikata sentimita kama 10 za waya, tukafunga plagi upya. Randa ikarudi kazini kabla ya adhuhuri.

Fyuzi, na zile wanazozifunga kwa karatasi

Plagi zetu kubwa za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndani. Kazi yake ni kujitoa mhanga: umeme ukizidi kipimo, waya wake mwembamba unayeyuka na njia inakatika kabla nyumba haijashika moto. Fyuzi ya ampea 13 inaruhusu karibu wati 2,990. Ya ampea 3 inaruhusu karibu 690. Basi ukinunua plagi mpya sokoni ukakuta ndani ina fyuzi ya ampea 3, kisha ukaifunga kwenye grenda ya wati 2,000, fyuzi itakatika na utasema grenda imekufa. Isome fyuzi yenyewe. Namba imeandikwa ubavuni. Kwa kawaida ya 3 huwa nyekundu na ya 13 huwa ya kahawia.

Fyuzi iliyokatika haionekani kwa macho kama ni ya udongo. Ipime kwa multimita, kile chombo cha kupimia umeme, au jaribu nyingine. Nawaomba sana wenzangu, tuache kuifunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kwa uzi wa shaba. Mashine itawaka, ni kweli. Lakini umemwondoa mlinzi mlangoni, na siku shoti ikija kitakachoyeyuka ni waya wa nyumba.

Habari za umeme kurudi

Kuna tukio moja linalowachanganya watu wengi na halina ubovu wowote ndani yake. Unakata chuma, umeme unakatika, unaiweka grenda chini swichi ikiwa imefungwa kwenye kuwaka. Baada ya saa mbili umeme unarudi. Grenda haiwaki. Watu husema umeme ulirudi mkubwa ukaiunguza. Huenda, lakini kabla ya kuamini hivyo izime swichi, kisha iwashe tena. Grenda nyingi za kisasa zina kinga inayozizuia kuanza zenyewe umeme unaporudi. Zinasubiri uzime na kuwasha kwa mkono wako. Zile zisizo na kinga hiyo hufanya kinyume: umeme ukirudi zinaruka sakafuni zenyewe, na jiwe linazunguka karibu na miguu ya watoto. Kwa hiyo umeme ukikatika, zima na uchomoe, mashine yako iwe ya aina gani.

Wapo pia wanaoamini kwamba yuniti za Luku zikikaribia kwisha umeme unapungua nguvu, ndiyo maana mashine inazembea. Mita ya Luku inahesabu na kukata. Ikiwa na yuniti moja au mia tano, volti ni zile zile. Ukiona mashine inazembea jioni, sababu inayoelekea zaidi ni kwamba mtaa mzima umewasha majiko, pasi na friji kwenye laini moja.

Au sababu ni ekstensheni yako. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, wenye urefu wa mita 50, una upinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa zaidi ya ohmu 2 ukihesabu kwenda na kurudi. Grenda ya wati 2,000 ikivuta kupitia humo, volti kama 20 zinapotelea njiani na kugeuka joto. Hiyo ni kwa shaba halisi. Nyaya za bei ya chini zenye shaba ya kupakwa juu tu hupoteza zaidi. Na ekstensheni ya kukunja ikitumika bila kukunjuliwa inachemka, mpaka kinga yake ya joto, ile yenye kibonyezo kidogo, inakata. Kila kitu kinanyamaza. Ikunjue, ipoe, bonyeza kibonyezo.

Kipimo kimoja kinachomaliza ubishi

Ikiwa soketi, ekstensheni na fyuzi ni nzima na mashine bado kimya, chukua multimita. Zile ndogo za bei ya chini zinatosha kabisa. Chomoa mashine. Weka multimita kwenye ohmu, kwenye kipimo cha chini. Gusisha ncha moja kwenye mguu wa moto wa plagi na nyingine kwenye mguu wa nyutro, kisha bonyeza swichi ya mashine.

Ukipata namba, iwe ohmu 1 au 2 kwa grenda kubwa, au 10, 20 kwa dreli ndogo, mnyororo umekamilika kutoka plagi hadi plagi. Multimita ikibaki na ile "1" ya pembeni kabisa, au "OL", mnyororo umekatika mahali. Hapo tikisa waya pale unapoingia kwenye mpini, huku umebonyeza swichi na macho yako kwenye multimita. Namba ikija na kupotea, waya umekatika ndani ya ganda hapo hapo. Ni mahali pa kawaida mno, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku, na ganda la nje linaweza kubaki zima kabisa huku shaba imekatika. Ukiona mtu anabeba dreli kwa kuining'iniza kwenye waya wake, mwonye.

Tahadhari moja: mashine zenye kidhibiti cha mwendo, zinazoongeza kasi kadiri unavyobonyeza, zinaweza kuonyesha mkatiko hata zikiwa nzima, kwani vifaa vya ndani ya swichi haviruhusu umeme kupita mpaka vipate volti za kutosha. Kwa hizo, fungua na upime vipande vyake kimoja kimoja.

Swichi yenyewe hufa kwa vumbi. Unga wa mbao, unga wa saruji na unga wa chuma huingia ndani, na hapa pwani unaongezeka unyevu wenye chumvi. Shaba inaota kutu ya kijani, vigusio havigusani. Ukibonyeza ukasikia swichi haitoi ule mlio wake mkavu, au inabonyea kama sponji, ishuku. Ukiibadilisha, piga picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa. Hilo dogo limeniokoa mara nyingi.

Kaboni

Nimeiacha hii hapa kwa sababu ndiyo ninayoijali kuliko zote. Kama ningeruhusiwa kuwaambia mafundi vijana wa Tanga neno moja tu, ningewaambia: angalia kaboni.

Rudi kwenye baiskeli, tazama zile mpira za breki zinazobana rimu. Zimetengenezwa ziishe. Ziwe laini kuliko rimu, ili zilike zenyewe na rimu ibaki. Kaboni ndivyo ilivyo. Inalika taratibu ili shaba ya rota isilike. Zamani sehemu hii ilikuwa brashi halisi ya nyuzi za shaba, nayo ilikuwa inaikwaruza rota na kupiga cheche. Mwaka 1885 George Forbes alipata hataza ya kutumia kaboni badala yake. Jina la brashi limebaki mpaka leo, ndiyo maana utaona dukani zimeandikwa brashi za kaboni ingawa hazina nywele hata moja.

Kaboni ikifupika hadi springi isiweze kuisukuma kufika kwenye shaba, mnyororo umekatika. Mashine inanyamaza. Mota ni nzima, swichi ni nzima, waya ni mzima, na bado kimya. Baadhi ya kaboni zina kipini kidogo ndani chenye springi. Zikifika mwisho wa umri wake, kipini kinachomoza na kuiinua kaboni kutoka kwenye shaba, mashine inazimika ghafla katikati ya kazi. Aliyeitengeneza amekusudia hivyo ili shaba isikwaruzwe. Mwenye mashine anadhani imeungua.

Dalili za kaboni inayoisha mtu anaziona kwa wiki kadhaa bila kuzitambua. Mashine inakatakata. Cheche zinaongezeka kwenye matundu ya hewa. Na ile dalili maarufu kuliko zote: ukiipiga kofi inawaka. Watu huchukulia kofi kama tiba. Kofi limeisogeza kaboni iliyokwama ikagusa tena, basi. Ikigoma kesho kofi halitasaidia. Hali kadhalika mashine inayowaka baada ya kuzungushwa kidogo kwa mkono: kaboni inashika sehemu moja ya shingo na kuikosa nyingine, au kipande kimoja cha shaba kimekufa.

Kuiangalia ni rahisi. Mashine ikiwa imechomolewa, tafuta vifuniko viwili vya duara vya plastiki ubavuni, vyenye mfereji wa bisibisi, kimoja kila upande. Vifungue. Springi itachomoza na kaboni nyuma yake. Mashine nyingine hazina vifuniko vya nje na inabidi ufungue bodi. Kaboni nyingi zina mstari wa kikomo. Usipouona, ikibaki milimita 5 au 6 ibadilishe. Badilisha zote mbili hata kama moja inaonekana bado ina umri, ili ziegemee kwa nguvu sawa. Chukua za zamani uende nazo dukani, upate upana na unene ule ule. Iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama na bila kucheza. Kisha iache mashine izunguke dakika chache bila kazi, kaboni zikae vizuri kwenye mviringo wa shaba.

Najua wapo wanaochonga kaboni kutoka betri kuukuu za tochi. Mashine inawaka, fundi anafurahi. Lakini makaa ya betri hayakutengenezwa kusuguana na shaba inayokwenda mbio, na yanaweza kuiharibu shingo ya rota, nayo rota ni kifaa ghali. Kaboni halisi ni bei ndogo sana ukilinganisha na mashine. Nunua jozi mbili, moja weka akiba.

Kwa sisi tulio karibu na bahari kuna jambo la ziada. Kaboni inaweza kuwa ndefu na mpya, lakini imekwama kwenye nyumba yake ya shaba kwa sababu ya chumvi na vumbi lililoganda, hasa mashine iliyokaa masika nzima bila kutumika. Itoe, isafishe nyumba yake kwa mswaki mkavu, pangusa, irudishe. Na baada ya kazi ya vumbi, pampu ya baiskeli inatosha kabisa kupuliza matundu ya hewa ya mashine. Unga wa chuma unaobaki ndani unapitisha umeme na ndio unaoleta shoti baadaye.

Inapounguruma bila kuzunguka

Hapa njia ipo. Achia swichi mara moja, maana mota inayokaa na umeme bila kuzunguka inachemka haraka, na huku ndiko kuungua kwa kweli kunakoanzia. Chomoa, zungusha kwa mkono. Ikigoma kuzunguka, kuna kilichobana: beringi, gia, jiwe la grenda, kipande cha mbao.

Mashine za kusimama, kama kompresa, grenda ya mezani au pampu ya maji, nyingi zina mota ya aina nyingine isiyo na kaboni. Mota hiyo inahitaji msukumo wa kuanzia, na msukumo huo mara nyingi hutolewa na kapasita, lile kopo dogo lililofungwa ubavuni. Kapasita ikifa, mota inaunguruma tu. Kubadilisha kapasita si kusuka mota, na bei zake ni mbingu na ardhi. Ila usiishike ovyo: kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mashine za betri na za mtumba

Za betri zinafuata mantiki ile ile ya mnyororo. Anza na vigusio vya betri: kutu ya kijani, vumbi, kulegea. Betri za lithiamu zina kinga inayokata zikiwa za moto au zikiishiwa mno, hivyo iache ipoe kabla ya kuilaumu. Na maandishi ya 18 na 21 yasikuchanganye. Seli moja ina wastani wa volti 3.6, na 4.2 ikijaa kabisa. Seli tano ni 18 kwa hesabu ya kwanza na 21 kwa ya pili. Inaweza kuwa betri ile ile.

Kwa mashine za mtumba, soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni za volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka ya volti 100 kwenye 230 zetu, msukumo umezidi zaidi ya mara mbili na joto kwenye koili linaweza kuzidi mara tano. Italia kwa kasi ya ajabu, watu watasifu nguvu yake, kisha moshi. Hiyo kweli imekufa. Inataka transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha.

Jingine linalowatia watu wasiwasi ni plagi isiyo na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja kwenye bodi. Wanasema ni feki. Tafuta kwenye kibandiko alama ya mraba ndani ya mraba. Ikiwapo, mashine imetengenezwa na kinga mbili za kuzuia umeme usifike kwenye mkono wako, na haihitaji ethi. Isipokuwapo na bodi ni ya chuma, hapo wasiwasi wako ni wa haki.

Unapompelekea fundi

Kama breka inaruka, kama mashine inakutekenya mkono, kama imenuka ile harufu kali ya vanishi iliyoungua, au cheche zinaizunguka shingo ya rota kama pete ya moto, usiendelee mwenyewe. Mpelekee fundi. Lakini mpelekee dalili, usimpelekee hukumu. Mwambie imenyamaza au inaunguruma, imenuka au haikunuka, ilikuwa kwenye ekstensheni gani, umeme ulikatika au la. Ukimwambia "imekufa", umempa ruhusa ya kuandika cheti cha kifo bila kuitazama maiti. Na akibadilisha chochote, mwombe akurudishie kifaa alichokitoa ukione kwa macho yako.

Juzi yule kijana kanipigia simu. Salamu fupi, kisha: "Mjomba, jigso inaunguruma, haizunguki. Haijanuka. Nimeichomeka ukutani bila ekstensheni."

Nikamwambia achomoe, achomoe na msumeno wenyewe, ajaribu kusogeza kishikio kwa mkono. Nikasikia akigongagonga. Utomvu wa mbao ulikuwa umeganda kwenye kigurudumu kinachoushika msumeno kwa nyuma.